Kopo la Tele

Jumamosi, tarehe 14 Juni. Manyunyu tangu alfajiri, jua kali kuanzia saa nne, kisha manyunyu tena. Upepo wa kusi uliupeleka moshi wa kuni kila upande isipokuwa ule tulioutaka.

Naandika mikono ikinuka vitunguu. Daftari hili nililinunua la kuandikia makosa ya programu yangu tu, tarehe na kosa, tarehe na kosa, na sina hakika kama haya ya leo yana nafasi humu. Lakini kosa hili moja limetaka kuniondolea riziki yangu, na nimelisikia likisimuliwa vibaya huku mtaani kwetu Shika Adabu, na wanaonisema na wanaonitetea pia. Basi nitaliandika lilivyokuwa.

Kazi yangu ni kutengeneza programu za simu. Hata sasa nikiyasema maneno hayo mbele ya watu naona haya, kama mtu aliyevaa nguo ya kuazima. Shule niliachia kidato cha pili. Kompyuta nimeijulia kwenye duka la fotokopi, nilikokuwa nikiwachapia watu barua za kuomba kazi. Miongoni mwa wateja wetu walikuwako wapishi wa shughuli: harusi, hitma, matanga. Walikuja na vikaratasi vilivyolowa mafuta. Watu mia mbili, mchele kadha, nyama kadha, vitunguu gunia na kitu. Kila kikaratasi kilikuwa kimefutwa na kuandikwa upya mara tatu, na mara nyingi mpishi alisimama pale pale kaunta akihesabu kwa vidole huku foleni ikimngoja. Nikajiuliza, hesabu hii si simu ingeweza kuifanya?

Ilinichukua mwaka na nusu. Nilijifunza kwa video, kwenye laptopu kuukuu iliyong'oka kitufe cha R, kila nikihitaji R nabonyeza kwa ncha ya kalamu. Mwisho ikawa programu kamili. Unaandika idadi ya wageni, unachagua pilau, biriani au wali wa nazi, nayo inakwambia mchele kilo ngapi, nyama, viazi, mafuta, mpaka kuni. Shughuli ndogo ni bure. Ukizidisha watu hamsini unalipia kidogo kila mwezi. Wapishi wakaambiana. Haikunitajirisha. Kuna miezi ilileta zaidi ya kibarua cha mume wangu, ambaye hubeba mizigo kwenye maghala ya Changamwe, na kuna miezi haikufika nusu yake. Lakini ilikuwa kazi niliyoianzisha mwenyewe, bila kuchapa barua ya kuomba.

Vipimo vyenyewe sikuvitunga. Mimi si mpishi wa watu wengi, na kwetu hatupiki pilau ila Krismasi. Nilivipata kwa bibi mmoja wa mtaani kwetu, mzaliwa wa hapa Likoni, ambaye amepika harusi za mama na za mabinti zao. Hana mzani. Ana kopo la samli lililochubuka rangi yote, na kwa kopo hilo hupima kila kitu kinachomiminika. Nilimwendea nikiwa na wasiwasi, maana nilisikia wapishi huficha vipimo vyao. Yeye alicheka tu.

"Nifiche nini, mwanangu? Kopo moja, masinia matatu. Sinia moja, watu watano. Haya, umeshajua. Nenda kapike uone kama utakuwa mimi."

Akaniazima kopo. Nikalipeleka dukani, nikalijaza mchele, nikapitisha rula juu yake ili uwe sawasawa, tukaupima kwa mzani wa mwenye duka. Kilo mbili kasoro robo. Nikaandika kwenye programu. Nilijiona mtu wa uhakika sana siku ile, na rula yangu.

Kwa karibu miaka miwili hakuna aliyelalamika. Sasa naelewa kwa nini. Wapishi wengi huongeza kidogo juu ya kila hesabu, hata ya simu. Aliyenitoa aibuni, au aliyeniingiza, sijui niseme lipi, ni mpishi mmoja kijana wa Kisauni aliyeniamini kupita kiasi. Mwezi uliopita alipewa harusi ya watu mia tatu, na harusi ilikuwa huku huku kwetu. Simu ilimwambia kilo thelathini na tano. Akapima kilo thelathini na tano, hakuongeza hata konzi moja.

Sikuwako, nimesimuliwa. Masinia yalitoka vizuri mpaka ilipobaki sehemu ya mwisho ya wanawake, wageni wa upande wa bwana harusi, waliokuwa wamevuka feri tangu asubuhi wakiwa wamependeza. Sufuria zikakwanguliwa. Masinia kumi hayakuwa na cha kuyajaza. Shangazi zake bwana harusi wakalishwa chapati za dukani na mchuzi uliobaki. Walikula wakashukuru kwa adabu, wanavyosema, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi mama wa bibi harusi.

Kufika jioni kulikuwa na sauti inazunguka kwenye makundi ya wanawake ya simu. Mwenye sauti hiyo simjui. "Jamani, msipime kwa simu, mtakuja kupima aibu yenu." Watu wakacheka, wakaituma mbele. Mpishi wa Kisauni alinipigia akilia.

"Dada, nimepima kwa mzani. Wallahi nimepima kwa mzani."

Nilimwambia nimemsadiki. Nakiri lakini kwamba usiku ule moyoni sikumsadiki. Nilidhani ameiba kilo mbili tatu, au amemwachia mtu sufuria. Naliandika hili kwa sababu nilimdhania vibaya mtu aliyefuata neno langu kama lilivyo.

Kesho yake mama wa bibi harusi alikuja mlangoni. Ni mama mstaarabu, alibisha hodi vizuri, akakataa kuketi.

"Ni wewe mwenye hiyo kitu ya kwenye simu?"

"Ni mimi, mama. Karibu. Shikamoo."

"Marahaba. Ifute."

"Nipe muda nijue kosa li wapi."

"Sitaki kujua li wapi. Mwanangu ataambiwa maneno ya chapati mpaka azeeke. Ifute isimfike mwengine."

Nilikuwa na haki gani ya kumbishia? Alikuwa amefedheheka mbele ya wakwe, na sababu ilikuwa mimi. Lakini kitu ndani yangu kilikataa kupinda. Nikamwambia, "Nitaisahihisha, mama. Kuifuta, siifuti." Alinitazama kama aliyetemewa mate, akaondoka. Jioni ile programu ilikuwa na nyota moja mpya kwenye duka la programu za simu, na chini yake maneno mawili: Imetuaibisha sana. Baada ya hiyo zikafuata nyingine, za watu ambao sidhani walikuwako harusini. Wiki ya pili nusu ya waliokuwa wakilipia walikuwa wameondoka.

Wifi yangu, dada wa mume wangu, anashona kwenye kiwanda cha nguo za kupelekwa ng'ambo. Si mtu mbaya. Alikuja Jumapili na habari kwamba anaweza kuniingiza kiwandani, msimamizi wake ameahidi, nifike Jumatatu ya tarehe kumi na sita na kitambulisho.

"Wifi, mimi sikucheki," alisema, huku anacheka. "Lakini kazi za kompyuta zina wenyewe. Walioketi chuoni miaka minne. Wewe ulikuwa unachapa barua."

"Na wewe ulizaliwa ukijua cherehani?"

"Mimi nilifundishwa! Wewe amekufundisha nani? Video?"

"Video."

"Basi mwambie huyo video awalishe watoto."

Mume wangu hakucheka. Wifi alipoondoka aliniambia yeye hataniamulia, lakini mshahara wa kiwanda huja kila mwezi, nyota ziwepo zisiwepo. Alikuwa na haki. Nimeipindua hoja yake kila upande nikitafuta mahali inapovuja, sikupaona.

Basi nilikuwa na siku nane. Nilipitia programu mstari kwa mstari. Hesabu ilikuwa sawa. Mia tatu gawa kwa kumi na tano, ishirini. Ishirini mara kilo mbili kasoro robo, thelathini na tano. Niliizungusha hata kwa kalamu, kama shuleni, nikapata thelathini na tano. Wakati huo ndipo nilipoogopa kweli, maana kosa unaloliona unaweza kulirekebisha.

Siku ya nne nikaenda kwa bibi. Nilikuwa nikimkwepa, nikidhani amesikia kwamba vipimo vilivyoaibisha harusi vilikuwa vyake. Alikuwa amesikia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umeniweka kwenye simu, ukaniharibia, sasa umekuja kunirudisha?"

"Nimekuja unioneshe tena, bibi. Upime nikiona."

Alikuwa amekaa barazani na sinia la mchele anaochagua mawe. Akalivuta kopo, akachota, na mchele ukapanda juu ya mdomo wa kopo, ukawa kilima. Akaushindilia kwa kiganja, akamwagia tena, ukapanda tena, mpaka ukaanza kuteremka pembeni wenyewe. Akaniangalia.

"Kopo moja hilo."

"Bibi, hukati?"

"Nikate nini?"

"Huo wa juu. Mimi nilipitisha rula."

Aliliweka kopo chini. Kisha akanigeukia mwili mzima.

"Rula? Kwa mchele wa shughuli? Ala! Hiyo ni ya mfuto, mwanangu. Mfuto ni wa dukani, wa mtu anayeuza. Chakula cha wageni hupimwa tele. Nani asiyejua hilo?"

Mimi sikujua. Na hapo nilitaka kulia na kucheka kwa pamoja. Kwetu bara ya Mombasa, kabla hatujahamia huku, unga ulikuwa ukinunuliwa kwa kibaba, na mwenye duka alikuwa na kipande cha ubao alichokipitisha juu kila mara, shwaa, punje zinarudi guniani kwake. Mama yangu alikuwa akikitazama kile kipande cha ubao bila kupepesa. Mimi nimekua nikijua kwamba kipimo ni kile kinachobaki baada ya ubao kupita. Sikuwahi kusimama upande wa mtu anayepima ili kutoa. Bibi naye hakuniambia, kwa sababu hakuna mtu amwelezaye mwenzake kwamba wageni hupimiwa tele. Ni kama kumwambia aingie mlangoni kwa miguu.

Nimejaribu kupima lawama kwa haki. Bibi hana. Mpishi wa Kisauni hana. Wa kuuliza nilikuwa mimi, na sikuuliza.

Tulipima kopo la tele mbele yake. Kilo mbili na ushei kidogo, kilo mbili na gramu mia moja ukitaka kuwa mkali. Kwa watu mia tatu inakuja arobaini na mbili. Kilo saba zilizokuwa zimekwenda na rula yangu ndizo masinia yale kumi, kama zimehesabiwa.

Usiku huo nilirekebisha mchele. Kisha, kwa woga, nikavirekebisha na viazi, kwa kuwa navyo bibi alikuwa amenipimia kwa ndoo, nikadhani hata ndoo ina tele yake. Nyama sikuigusa, ile ni kilo za buchani. Halafu nikaandika tangazo ndani ya programu, mtu akifungua aone hilo kwanza. Mume wangu alisoma begani mwangu.

"Umeandika kosa ni lako."

"Ni langu."

"Si ungesema tu programu imeboreshwa? Wakubwa husema hivyo."

"Waliolishwa chapati hawakuboreshwa."

Hilo nililisema kwa ukali kuliko alivyostahili, nikamwomba radhi. Lakini tangazo halikubadilika. Lilisema kwamba nilipima kopo la mfuto mahali pa kopo la tele, kwamba aliyepika harusi ile alifuata kipimo sawasawa na hana kosa, na kwamba programu itaendelea kuwako. Watu wanne zaidi waliacha kulipia baada ya kulisoma. Mmoja aliandika kunishukuru.

Asubuhi nikampelekea bibi simu aone. Kusoma anasoma kwa shida, nikamsomea. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Jumamosi nina hitma ya arobaini hapa hapa mtaani. Watu mia na khamsini. Utapima wewe."

"Mimi?"

"Kwa hiyo simu yako. Mimi nitapika, kopo siligusi. Na yule mama wa harusi atakuwako, marehemu ni binamu yake."

"Bibi, ukipungua?"

"Ukipungua tutapungukiwa wote wawili. Mimi nina jina la miaka mingi, naweza kulipunguza kidogo. Wewe nnakuuliza, je, unaweza?"

Nikasema naweza. Sikuwa na hakika hata kidogo.

Ndiyo leo. Nilifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi na mzani niliouazima dukani. Kina mama wa upishi walikuwa wamekwisha kupanga mafiga, nao walinikaribisha na kunichokoza kwa wakati mmoja.

"Muulizeni simu, maji ya kunawa tutie mangapi?"

"Simu inajua kumenya vitunguu, ama inapima tu?"

Nikamenya vitunguu. Simu ilisema kilo ishirini na moja za mchele, nikapima ishirini na moja, na mkono wangu ukataka kuongeza konzi moja ya usalama. Nikauzuia. Ningeongeza, nisingejua kamwe kama programu inasema kweli. Bibi aliniona, nadhani, maana aliguna. Viungo alikataa katakata visipimwe na simu. Alitia bizari na hiliki kwa kiganja na pua yake, na hilo nimeliacha lilivyo. Viazi alivitazama kwenye beseni muda mrefu.

"Hivi vyote?"

"Ndivyo isemavyo, bibi."

"Simu yako inapenda viazi kuliko wali."

Kisomo kilipokwisha, masinia yakaanza kutoka. Thelathini ndiyo hesabu. Nilisimama penye sufuria kubwa nikihesabu kimoyomoyo. Kumi. Kumi na tisa. Kwenye sinia la ishirini na sita niliona chini ya sufuria upande mmoja. Bibi alikuwa akipakua bila haraka, mwiko unazama, unapanda, unazama. Ishirini na nane. Ishirini na tisa. La thelathini lilijaa, akalipapasa juu kwa mwiko likawa duara, likaenda. Kisha akakwangua wa kujaza sinia jingine, la thelathini na moja, kwa wapishi wenyewe, na chini ukabaki ukoko.

Hakuna aliyepiga vigelegele, ilikuwa hitma. Bibi alinyoosha mgongo tu akasema, "Haya."

Mama wa bibi harusi alikula, nilimwona. Wakati wa kuondoka alipita karibu na mafiga, nikamwamkia, akaitikia. Alisimama.

"Leo ni wewe uliyepima?"

"Ni mimi, mama."

"Umetosha." Akafunga buibui yake vizuri. "Mimi lakini siondoi maneno yangu kule kwenye simu. Yalitokea."

"Usiyaondoe, mama. Yalitokea kweli."

Alishangaa kidogo, akaenda zake. Sikumwambia hivyo ili nionekane mwema. Ile nyota moja ni yake, ameilipia. Itakaa pale, na programu yangu itakaa hapo hapo juu yake, na anayetaka atasoma zote mbili aamue.

Nilipofika nyumbani wifi alikuwa ameketi na mume wangu, amekuja kuhakikisha ya Jumatatu. Nilimwambia nashukuru, kwa moyo wote nashukuru, na kwamba sitakwenda.

"Kwa sababu ya hitma moja?"

"Hitma moja, ndiyo."

"Na wale waliokukimbia?"

"Watarudi au hawatarudi. Wakirudi watanikuta kazini."

"Wifi, huna karatasi hata moja ya kuonesha unaijua hiyo kazi."

"Nina sufuria tupu. Nenda kaitazame."

Mume wangu alitazama chini, halafu akatabasamu, halafu akaacha kutabasamu. Nimemwambia ukweli wote: mwezi huu kiwanda kingelipa zaidi, na huenda mwezi ujao pia. Nimemwambia nataka mpaka mwisho wa mwaka. Alisema mpaka mwisho wa mwaka ni siku nyingi. Kisha akasema, sawa. Huenda nimekosea, na kama nimekosea litaandikwa humu humu, tarehe na kosa. Lakini hakuna atakayenifutia kazi yangu kwa kunionea haya, hata mimi mwenyewe.

Viazi nimevirudisha vilivyokuwa kwenye programu. Ndoo haikuwa na tele, bibi aliipima ilivyo.

Wifi alikaa, hatukumwacha aende na njaa. Usiku huu tumekula ukoko wa pilau ambao bibi alinifungia kwenye jani la mgomba, wa kukwaruza meno, na kachumbari yenye ndimu, na viazi vilivyobaki kwenye hitma, viazi, viazi, mpaka watoto wakaomba ruhusa waviache.